Kozi ya wanaoanza rola dabi: kuanguka wanakufundisha vizuri sana, magurudumu yao yaangaliwe upya

Nimemaliza awamu ya kwanza ya kozi ya wanaoanza rola dabi, na nimeamua kuiandikia maoni marefu kwa sababu maoni niliyosoma kabla ya kujiandikisha yaliandikwa na watu waliojifunza haraka. Wote walisema ni raha tupu, njoo ulivyo, utapenda. Sikuona hata mmoja aliyeandika kwamba kuteleza kwenyewe, kabla hata hujafika kwenye mchezo, kulimtoa jasho wiki baada ya wiki. Mimi sikuwahi kuvaa viatu vya magurudumu utotoni, nina mwili mkubwa, na mguu wangu wa kushoto hauna nguvu kama wa kulia. Kwa hiyo haya ni maoni kwa ajili ya mtu wa aina yangu, ambaye anajiuliza kama kozi ya namna hii itamfaa au itamwacha nyuma.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Mpangilio wa mafunzo ni mzuri, mzuri kuliko nilivyotarajia. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya vifaa vya kuazima, hasa magurudumu, na hapo nitakaa sana, maana ndipo niliposhuhudia watu wakikata tamaa wakiamini kwamba miili yao haifai kwa mchezo huu.

Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili zinazunguka kwenye njia yenye umbo la yai, kinyume cha mwendo wa saa, kila timu ikiwa na wachezaji 5 uwanjani. Mmoja anavaa nyota kwenye helmeti. Huyo ndiye mfungaji. Akishapenya kundi mara ya kwanza, kuanzia hapo kila mpinzani anayempita kihalali ni pointi. Wanne waliobaki ni wazuiaji, wanambana mfungaji wa upande wa pili kwa makalio, mapaja na mabega, huku wakimtafutia nafasi wa kwao. Raundi moja haizidi dakika 2, kisha sekunde 30 za kujipanga, na mechi nzima ina vipindi viwili vya dakika 30. Ukitazama ukiwa jukwaani unachoona ni kugongana. Ukishavaa viatu ndiyo unaelewa kwamba kugongana ni sehemu ndogo, na kinachombeba mzuiaji ni uwezo wa kupunguza mwendo na kusimama pale anapotaka. Mzuiaji asiye na breki anapitiliza mbele, na mfungaji anabaki na njia nyeupe.

Mchezo huu ulianza Chicago mwaka 1935, Leo Seltzer alipoandaa mashindano ya mbio ndefu za viatu vya magurudumu. Ulipanda, ukashuka, ukafifia, halafu ukafufuliwa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000, safari hii mikononi mwa wanawake waliojiendeshea klabu zao wenyewe. Mwaka 2004 wakaanza kuunda chama cha klabu hizo kinachojulikana leo kama WFTDA, ambacho kanuni zake zinafuatwa na klabu nyingi duniani. Desturi hiyo ya wachezaji kujiendeshea mambo yao bado iko hai, na ndiyo inayoipa kozi hii sura yake. Makocha ni wachezaji wa klabu wanaojitolea baada ya kazi zao. Wanakuja kwa moyo, hilo huwezi kuwanyima. Lakini kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni vipaji viwili, na jioni yako inategemea sana umepangiwa nani.

Tulikuwa na makocha wawili wakuu. Wa kwanza ameteleza tangu mdogo. Ukimtazama unasahau kwamba ana magurudumu miguuni. Ukimuuliza kitu anafanya mbele yako, anasema "hivi tu," na kweli kwake ni hivi tu. Wa pili alijifunza ukubwani. Huyo anakumbuka kila hatua iliyomsumbua, na anaweza kukuambia uzito wako uko kisigino gani kabla wewe mwenyewe hujajua. Kama klabu inasoma haya, naomba mumweke huyu wa pili upande wa wanaosuasua kila jioni, si kwa zamu.

Somo la kwanza ni kuanguka, na hapa nawapa pongezi zote. Hatukufundishwa kwenda mbele hata kidogo mpaka kila mmoja ameonyesha kwamba anaweza kushuka chini salama. Unaanza na goti moja: unainama, goti linagusa sakafu, kikombe kigumu cha pedi kinateleza kidogo, unainuka kwa nguvu ya mguu wa mbele bila kushika chini. Halafu magoti mawili. Halafu kuanguka kwa pointi nne, magoti kisha mikono kuanzia kiwiko, umejikunja uwe mdogo kadiri unavyoweza, vidole vimefungwa ndani ya ngumi ili gurudumu la mwenzako lisipite juu yake. Kidevu kinashuka kifuani. Na ukihisi unakwenda kinyumenyume, unageuza mwili uangukie shavu moja la kalio, usikalie mfupa wa chini wa mgongo. Kocha anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ukifika tatu uwe umesimama, kwa sababu kwenye mechi mtu aliyelala uwanjani ni hatari kwake na kwa wanaokuja nyuma.

Sababu ya kuanza hivi niliielewa baadaye kidogo, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba aliyepanga mtaala huu anajua kazi. Mtu mwenye hofu anasimama wima. Ukisimama wima juu ya magurudumu, uzito unakwenda visiginoni, na uzito ukiwa visiginoni miguu inatangulia mbele, wewe unabaki nyuma. Ndivyo watu wanavyovunjika vifundo vya mikono. Mtu ambaye ameshapiga magoti yake sakafuni na kuona hayaumi hana tena sababu ya kuogopa kuyakunja, na mkao wote wa rola dabi ni magoti yaliyokunjwa: makalio chini na nyuma, kifua juu, macho mbele. Pedi za magoti za klabu ni nene, za aina inayotumika kwenye mechi, na zilikuwa katika hali nzuri. Nilikuja na zangu nyembamba, na kocha wa pili alizibonyeza kwa kidole gumba akaziweka pembeni bila maneno mengi. Naunga mkono uamuzi ule. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu, nunua pedi za magoti kabla ya viatu.

Baada ya hapo yanafuata mazoezi ya kusukuma miguu nje na kuirudisha ndani bila kuinua magurudumu, kuteleza kwa mguu mmoja, kupita katikati ya koni, kutembea kwa vidole juu ya stopa, vile vipande vya mpira vilivyo mbele chini ya kiatu. Haya yanaenda haraka na sina malalamiko. Mapaja yatawaka. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tabu ilianza kwenye breki, na hasa breki ya plau.

Breki ya plau inafanywa hivi: ukiwa kwenye mwendo unatanua miguu kupita upana wa mabega, vidole vinaelekea ndani, visigino unavisukuma nje kwa nguvu, makalio yanashuka. Ukitazama kutoka juu, miguu imechora pembe inayofunga mbele. Ndiyo breki inayotumiwa zaidi na wazuiaji kwa sababu unabaki umetazama mbele, umeshuka, na makalio yako mapana yamefunga njia. Ila siri yake ni kwamba magurudumu lazima yakwaruze sakafu kiubavu. Lazima yateleze kidogo upande. Gurudumu likigoma kuteleza, linang'ang'ania sakafu, na nguvu yote ya mwendo wako inahamia kwenye magoti na nyonga.

Langu liligoma. Kila nilipojaribu, moja kati ya mawili lilitokea: ama miguu ilizidi kutanuka mpaka nikakaribia kupasuka, ama ilikwama ghafla nikarushwa mbele juu ya magoti. Kocha wa kwanza alisema shuka zaidi. Nikashuka. Akasema sukuma zaidi. Nikasukuma mpaka siku ya pili nilishindwa kupanda ngazi. Pembeni yangu kulikuwa na dada mmoja mwembamba, tumeanza naye siku moja, amevaa viatu vya kuazima vya aina ileile na magurudumu yaleyale, na yeye alikuwa anasimama vizuri tu. Wengine wawili wenye miili kama yangu walikuwa wanakwama kama mimi. Mmoja wao aliacha kuja. Aliniambia anaona mchezo huu una watu wake.

Kilichonisaidia ni sikio la kocha wa pili. Alipiga goti kwenye ukingo wa njia, akaniambia nipite mbele yake nikifunga plau, na hakutazama miguu yangu kabisa, aliinamisha kichwa upande. Breki ya plau inayofanya kazi inatoa sauti moja ndefu ya kukwaruza, inayoanza juu na kushuka kadiri mwendo unavyopungua. Yangu ilikuwa inatoa milio mifupi iliyokatikakatika, gurudumu likishika na kuachia, likishika na kuachia. Akaniita, akageuza kiatu changu, akapitisha kidole ubavuni mwa gurudumu mpaka akaikuta namba: 78A.

Namba hiyo ni kipimo cha ugumu wa gurudumu. Kadiri inavyopanda, gurudumu ni gumu na linateleza zaidi. Inavyoshuka, gurudumu ni laini na linashika zaidi. 78A ni magurudumu ya nje, ya kupita kwenye lami na vijiwe, yanameza mtikisiko. Kwenye sakafu ya ukumbi wa ndani yanashika sana. Na kwa mtu mwenye mwili mkubwa yanashika zaidi, kwa sababu uzito unalibonyeza gurudumu laini na kuongeza eneo linalogusa sakafu. Yule dada mwembamba alikuwa halibonyezi vya kutosha, ndiyo maana kwake lilikubali kukwaruza. Mimi nilikuwa naomba misuli yangu ishinde kitu ambacho hakikuwa tatizo la misuli.

Kocha akaenda kwenye begi lake, akatoa seti ya zamani ya 92A, akachukua spana na kubadilisha yote manane akiwa amekaa sakafuni huku wengine wakiendelea na zoezi. Alihamisha beringi moja moja, akafunga kila nati mpaka mwisho kisha akairudisha nyuma kidogo ili gurudumu lizunguke huru lakini lisicheze. Akanionyesha jinsi ya kulizungusha kwa kidole na kusikiliza. Halafu akasema, "Sasa fanya vilevile ulivyokuwa unafanya, usiongeze kitu."

Nikafanya vilevile. Magurudumu yakakwaruza, sauti ikatoka ndefu, na nikasimama kabla ya koni. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Nikazunguka nikarudia, nikasimama tena.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lalamiko langu kubwa, na nalisema kwa heshima yote kwa watu wanaojitolea. Klabu ilinunua magurudumu laini kwa viatu vyote vya kuazima kwa sababu yanaweza kutumika ndani na nje, na kwa mtu anayeanza yanatoa hisia ya usalama: hayakuponyoki kwenye kona. Naielewa hesabu hiyo. Lakini inawafaa watu wepesi na inawaonea watu wazito, kwenye mchezo ambao unajivunia kwamba kila mwili una kazi uwanjani. Na kweli una kazi. Mzuiaji mwenye makalio mapana na breki nzuri ni ukuta. Sasa utampataje mzuiaji huyo kama anakata tamaa kabla hajasimama hata mara moja? Seti mbili au tatu za magurudumu magumu kwenye sanduku la vifaa, na swali moja siku ya kwanza kuhusu uzito na sakafu, vingetosha kabisa. Tafadhali msisubiri mtu akwame mwezi mzima.

Niongeze hapohapo ili nisipotoshe mtu: gurudumu gumu si bora kwa kila mmoja. Mtu mwepesi akivalishwa magumu kwenye sakafu iliyong'arishwa, miguu itamkimbia kwenye kona. Kinachotakiwa ni kulinganisha mwili, sakafu na kazi unayoifanya. Kwa kumbi za ndani watu wengi wanacheza kuanzia kama 85 hadi juu kidogo ya 95 kwenye kipimo hicho cha A, na wachezaji wazoefu huchanganya, magumu upande mmoja na laini upande mwingine, kwenye kiatu kilekile. Huna haja ya kufika huko. Jaribu ya wenzako kabla ya kununua.

Kitu kingine cha namna hiyo ni bushi. Chini ya kiatu, kwenye kila ekseli, kuna vipande laini vya mviringo vinavyoruhusu ekseli kuinama unapoegemea upande. Viatu vipya vingi vya wanaoanza vinakuja vimekazwa sana, kwa hiyo unaegemea na kiatu hakigeuki. Kocha wa pili alilegeza nati zangu kidogo tu, chini ya nusu mzunguko, na kona ambazo nilikuwa nazikata kwa vihatua zikaanza kukubali mkunjo mmoja. Hili nalo halimo kwenye mtaala wa kozi. Linafaa liwemo, liwe somo zima: jioni moja ya spana, kila mtu afungue kiatu chake, asafishe beringi, ajue kila nati inafanya nini.

Kupishanisha miguu kwenye kona ndiyo sehemu ambayo bado ninaisotea. Kwa kuwa mchezo unazunguka kinyume cha mwendo wa saa, kona zote zinakunja kushoto. Mguu wa kulia unavuka mbele ya wa kushoto na kutua upande wa ndani, na wakati uleule mguu wa kushoto unasukuma kwa chini kuelekea nje. Wanaoanza wengi wanadhani kazi ni kuvusha mguu wa kulia. Kazi iko kushoto: kwa kitambo kidogo mwili wote umesimama kwenye mguu huo mmoja, tena kwenye ukingo wake wa nje. Kama huwezi kuteleza kwa mguu wa kushoto peke yake kwa sekunde chache, mguu wa kulia hautavuka; utadokoa tu na kurudi. Kozi inafundisha hatua hii vizuri. Kuna zoezi la kuzunguka duara dogo ukiwa na mguu wa kushoto umebaki chini muda wote na wa kulia ukisukuma, kisha unabadilisha, wa kulia unabaki na wa kushoto unasukuma kwa chini. Linachosha na halina mvuto wowote, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee linaloniambia ukweli kuhusu mguu wangu. Kocha wa kwanza, huyu mwenye kipaji, hapa alinisaidia sana. Alikuwa anateleza kando yangu upande wa ndani, mkono wake ukiwa hewani karibu na bega langu bila kunigusa, na kusema "egemea huku, nipo." Nikaegemea.

Breki ya T haikunisumbua kama plau. Unaburuza mguu wa nyuma, umekaa mshazari, magurudumu yote manne yakigusa sakafu. Kosa la kawaida ni kuhamishia uzito kwenye mguu unaoburuzwa, ukageuka na kuzunguka kama pia. Uzito ubaki mbele, kwenye goti lililokunjwa.

Sasa kuhusu mtihani. Mwisho wa awamu wanakupima kwa kipimo kinachojulikana katika ulimwengu wa mchezo huu, mizunguko 27 ndani ya dakika 5. Zamani ilikuwa 25. Ukipiga hesabu, ni sekunde 11 na kitu kwa kila mzunguko, bila kupumzika. Sikufikisha, na wengi katika kundi letu hawakufikisha. Hakuna aliyefukuzwa wala kudharauliwa, nawashukuru kwa hilo. Ila naona mtihani ule unapewa uzito usiostahili kwa awamu ya kwanza. Unapima pumzi na ulaini wa kupishanisha miguu, vitu ambavyo vinakuja kwa miezi. Haupimi kusimama, kuanguka salama, kuangalia nyuma, kugeuka ukiwa kwenye mwendo, yale yanayomfanya mtu asiwe hatari kwa wenzake. Wiki mbili za mwisho kila mtu alikuwa anakimbizana na saa, na mazoezi ya breki yakasinyaa. Mimi ningependa kinyume chake. Mtu apimwe breki zote, maangusho yote, kisha mizunguko iandikwe tu kwenye daftari ili aone anavyosogea.

Jambo ambalo wameshikilia bila kutetereka, na naomba wasilegeze, ni kwamba hakuna kugongana mpaka umefaulu kusimama na kuanguka. Kuna vijana walionung'unika, walikuja kwa ajili ya kupiga watu mabega. Wakasubiri. Wakati huo tulifundishwa kanuni kwa miguu, tukiwa na raba za kawaida: hupigi mgongoni, hupigi kichwani, hupigi chini ya katikati ya paja, na hutumii viwiko, mikono wala kichwa. Adhabu moja ni sekunde 30 nje, na mtu mwenye adhabu 7 anatolewa mchezoni moja kwa moja. Kutembea polepole na kuona nafasi ya kila mtu ilivyo kulinisaidia kuuelewa mchezo kuliko video zote nilizotazama.

Mambo madogo ya kujua kabla hujaenda. Pedi za kuazima zina harufu kali, maana zinavaliwa na watu wengi na hazipati muda wa kukauka. Vaa soksi ndefu zinazopita magoti na mikono mirefu chini ya pedi za viwiko. Vaa pedi za magoti kabla ya viatu, kuna zinazoingia kwa miguuni tu. Kinga ya meno uje na yako, hiyo haiazimwi, na ujizoeze kuongea nayo. Viatu vya kuazima vina saizi chache: kisigino kikinyanyuka ndani ya kiatu, kifundo kitakuangukia ndani, na utadhani huna usawa wa mwili. Omba saizi ndogo zaidi, vidole viguse mbele bila kujikunja, kisha kaza kamba sana kwenye kifundo na uziache zipumue vidoleni. Helmeti ikae usawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi.

Watu ni wakarimu, kila mtu atakuambia hivyo na ni kweli, sina la kuongeza.

Klabu inaruhusu kurudia awamu ya kwanza, na nimeshajiandikisha kurudia. Viatu bado naazima vyao, magurudumu nimenunua yangu, 92A kama yale ya kocha, na yule mwenzangu aliyeacha kuja nimemwambia seti yangu ipo akitaka kujaribu kabla hajaamua lolote. Ukienda siku ya kwanza, geuza kiatu usome namba ubavuni mwa gurudumu kabla hujafunga kamba, umtajie kocha uzito wako bila aibu, na umuulize sakafu hii inataka ngapi.